Vidonge vya Shinikizo la Damu na Matarishi wa Mwili

Jioni hii nataka kuwaeleza jambo ambalo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu hawalijui, nalo ni kwamba vidonge wavimezavyo hugeuza pia kiasi cha homoni katika damu. Homoni ni kama tarishi: kiungo kimoja humtuma, damu humchukua, naye hufikisha amri kwa kiungo kingine.

Mwaka 1898 Robert Tigerstedt na Per Bergman, katika mji wa Stockholm, walitoa maji ya figo za sungura wakamtia sungura mwingine mshipani, na shinikizo la damu yake likapanda. Kitu kile wakakiita renini. Leo twajua kuwa figo, zikiona damu izifikiayo ni haba, hutoa renini. Renini huanzisha kazi ya kufanyiza angiotensini, ambayo huikaza mishipa. Tena angiotensini huziamuru tezi mbili ndogo, zilizokaa juu ya figo mfano wa kofia, zitoe aldosteroni. Hiyo huizuia chumvi isitoke katika mkojo. Na chumvi ikibaki, maji nayo hubaki.

Dawa huukata mnyororo huu mahali mbalimbali. Kaptoprili, iliyotokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil (ajabu kweli, sumu kuzaa dawa), huizuia angiotensini isipate nguvu zake. Basi aldosteroni hupungua, lakini figo huzidi kutoa renini, kama bwana apazaye sauti kwa kuwa haitikiwi. Vidonge vya kukojoza navyo huongeza renini, ila propranololi huipunguza.

Kwa nini tujisumbue na hayo? Mwaka 1955 Jerome Conn, daktari wa Marekani, alieleza ugonjwa ambao tezi ile hutoa aldosteroni bila ya kuamriwa, pengine kwa sababu ya uvimbe mdogo. Uvimbe huo ukiwa upande mmoja tu, mara nyingi mgonjwa aweza kupasuliwa akapata nafuu kubwa. Ishara yake ni aldosteroni nyingi na renini kidogo mno. Hapo ndipo vidonge huweza kumpotosha daktari: kaptoprili yaweza kuuficha ugonjwa, na propranololi yaweza kumfanya asiye nao aonekane anao. Spironolaktoni hupotosha zaidi, hata kwa desturi huachwa muda wa wiki 4 au zaidi kabla ya kupima.

Lakini mtu ambaye shinikizo lake ni 180 kwa 110, akiacha dawa kwa shauri lake mwenyewe, huenda mshipa wa ubongo ukapasuka kabla ya siku ya kupimwa. Asithubutu. Daktari aweza kumbadilishia, ampe verapamili au doksazosini, ambazo hazizisumbui sana homoni hizo. Mgonjwa naye na achukue vidonge vyake vyote mfukoni, hata vile alivyonunua dukani, akamwonyeshe.

Tena si kila mara lazima dawa ibadilishwe. Mtu anayetumia kaptoprili hutazamiwa kuwa na renini nyingi. Ikiwa amepimwa, na renini yake bado iko chini kabisa, na aldosteroni iko juu, basi vidonge havikuficha kitu. Daktari ana sababu kubwa ya kuzichunguza zile tezi.