Majina Yalingane Kabla ya Kuomba Viza ya Marekani



Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kwenda Marekani kusoma muhula mmoja au miwili kisha arudi, aanze na majina yake. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mohamed, cha KCSE Mohamud, na kitambulisho Muhumed, mbele ya afisa hao ni watu watatu. Kurekebisha huchukua muda, kwa hivyo anzeni sasa, kisha ombeni pasipoti kupitia eCitizen.

Chuo au shirika linalodhamini programu likimkubali, humtolea fomu ya DS-2019. Akiwa nayo, ataomba viza ya J-1 katika ubalozi wa Marekani, Nairobi.

Nafasi ina tarehe ya mwisho. Mzazi, kagua vyeti vya mwanao leo.