Sindano Isiyo Yake: Ndigana Kali ya Ng'ombe



Jana ng'ombe wako alikula vizuri. Leo amejitenga, hacheui. Jirani anakuja na dawa iliyobaki kwake: "Mchome hii, wa kwangu alipona." Subiri kwanza.

Mpapase chini ya sikio, kisha mbele ya bega. Tezi zimevimba? Mpime joto. Ng'ombe mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 hivi. Ikiwa zimepita 40 na tezi zimevimba, fikiria ndigana kali. Huletwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kijidudu chake huingia kwenye chembe nyeupe za damu, na dalili huonekana wiki 1 hadi 3 baada ya kupe kuuma.

Hapa ndipo wengi hupoteza mnyama. Diminazini, ile dawa ya kuchanganywa na maji, hutibu nagana na ugonjwa wa mkojo mwekundu. Ndigana kali haiponyi. Dawa yake ni buparvakwoni. Huchomwa kwenye msuli wa shingo, kipimo kikifuata uzito wa mnyama, na pengine hurudiwa baada ya siku 2 au 3. Ni ghali, lakini hufaa zaidi siku za mwanzo. Ng'ombe akishahema kwa shida na kutoa povu puani, mara nyingi umechelewa. Sindano isiyo yake hula pesa, na hula zile siku ambazo angeweza kupona.

Nawe mwenye punda au farasi, wanyama hao wana vijidudu vyao vya damu viletwavyo na kupe. Usiwakisie dawa wala kipimo cha ng'ombe.

Basi fanya hivi. Mwite daktari wa mifugo siku ileile ya homa. Mwambie ilianza lini, na usimfiche dawa uliyokwisha kuchoma. Muulize maziwa yasinywewe kwa siku ngapi. Mnyama akipona, kumbuka kupe bado wako malishoni: kagua masikio kila siku, na umwogeshe dawa ya kupe kama ulivyoelekezwa.

Kwa nyumba yenye ng'ombe mmoja, huyo ndiye maziwa ya watoto, mbolea ya shamba na akiba ya siku ya shida. Mpe sindano iliyo yake, mapema.

Mweleze na jirani yako. Tukutane kipindi kijacho.