Beringi za Ekseli ya Nyuma na Mafuta ya Gia

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, maana kimefichwa mwishoni mwa ekseli ya nyuma ya motokaa. Lakini uhai wa abiria wote wakitegemea. Kitu hicho ni beringi, yaani duara la chuma lenye gololi ndani yake, liwezeshalo gurudumu kuzunguka bila kusuguana na chuma kingine.

Naanza na Kamanga, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, kwa sababu ndiko nilikojifunza neno hili. Asubuhi moja pikapu iliyopakia mihogo na wanafunzi wanne ilikuwa ikiteremka kwenda kivukoni. Sisi tuliokuwa kando ya njia tulisikia mvumo mkubwa, kisha tukaliona gurudumu la nyuma likitoka nje pamoja na shafti yake, kama mhogo ung'olewavyo ardhini. Gari likalala ubavu, na mtoto mmoja akavunjika mkono. Mwenye gari akasema, “Lilikuwa likivuma tangu majuma matatu, nikadhani ni mipira tu.” Majuma matatu! Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa nini gurudumu lilitoka? Katika pikapu nyingi za ekseli nzima, beringi ina kazi mbili: huchukua uzito wa gari, tena huizuia shafti isitoke, kwa msaada wa pete ya chuma iliyoshindiliwa juu ya shafti kwa nguvu. Beringi ikivunjika au pete ikilegea, hakuna kingine cha kuizuia. Katika malori makubwa sivyo. Huko uzito huchukuliwa na habu yenye beringi mbili, na kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Ukiichomoa, gurudumu hubaki mahali pake.

Dalili za beringi mbovu ni tatu. Ya kwanza ni mvumo uongezekao kwa kadiri ya mwendo, na mara nyingi hubadilika gari likipinda kona. Ya pili ni kucheza kwa gurudumu: liinue, ulishike juu na chini, ulitikise. Ya tatu ni mafuta yavujayo kwenye dramu ya breki. Ukiona hayo, usisafiri.

Kwetu pwani ya Ziwa iko sababu moja ya ubovu ambayo watu hawaifikirii. Dereva hufika majini ekseli ikiwa moto, kisha huliingiza gari ziwani ili alioshe. Hewa iliyo ndani ya ekseli hupoa ghafula na kunywea, ikavuta maji kupitia sili za oili. Mafuta yakigeuka meupe kama maziwa, jueni maji yameingia. Basi, oshea gari nchi kavu, likiisha kupoa. Tena tazama kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na matope, mafuta hupata nguvu ya kusukuma sili na kutoka nje.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Simamisha gari mahali sawa, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na legeza nati kabla ya kuinua. Ukiisha kuinua, weka stendi imara chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa gurudumu na dramu. Vumbi la breki usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji. Fungua bomba la breki na nati zinazoshika nyumba ya beringi, kisha vuta shafti polepole isije ikakwaruza.

Hapo kazi ya nyumbani hukoma kidogo. Pete na beringi zimeshindiliwa. Zipeleke kwa fundi mwenye presi. Yeyote apigaye beringi mpya kwa nyundo huiua kabla haijafanya kazi hata siku moja, maana kila pigo hupita kwenye gololi na kutia alama katika njia yake. Soma namba iliyochorwa ukingoni mwa beringi ya zamani, ununue yenye namba ile ile. Pete na sili ziwe mpya pia. Pete iliyokwisha kutolewa usiirudishe. Ukiisha kurudisha vyote, toa hewa katika breki, uzijaribu kabla ya kwenda njiani.

Mafuta nayo yana elimu yake. Meno ya difu nyingi huteleza yakibanana kwa nguvu nyingi sana. Mtindo huo wa meno uliingia katika motokaa za Packard mwaka 1926. Mafuta ya kawaida hubanwa yakatoka kati ya meno. Kwa hiyo mafuta ya difu hutiwa dawa za salfa na fosforasi, zifanyazo utando juu ya chuma. Alama yake ni GL-5. Lakini usidhani kuwa yafaa kila mahali: giaboksi nyingi zina pete za shaba, na baadhi ya mafuta hayo huila shaba, ndiyo sababu nyingi hutaka GL-4. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Kisha tazama uzito. Katika 80W-90, namba ya kwanza ni ya baridi, ya pili ni ya joto. Namba 90 ya mafuta ya gia haimaanishi kuwa ni mazito mara mbili kuliko oili ya injini ya 40, maana vipimo vyake ni mbalimbali. Mafuta 85W-140 ni mazito zaidi; yatumie kwa mizigo mikubwa ikiwa kitabu kinaruhusu. Mafuta yasiyo na alama, yauzwayo katika chupa za maji, usiyanunue.

Ukibadilisha, fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo ufungue la kumwagia. Kama la juu limekataa kufunguka, utakuwa hujapoteza mafuta. Ukikuta unga laini wa chuma si neno, lakini vipande ni habari mbaya. Jaza hata mafuta yafike ukingo wa chini wa tundu, gari likiwa sawa.

Na mafuta machafu? Yatie katika debe, uyapeleke gereji wanakoyakusanya. Usiyamwage ziwani. Maji yale ndiyo tunywayo, na samaki wale ndio mboga yetu.

Mwenye gari, ukisikia mvumo, simama. Nawe mwanafunzi unayesafiri, ukiusikia, mwambie dereva kwa adabu. Si utovu wa heshima kuokoa watu. Kwaherini.