Maneno kwa Washonaji: Kubadili Gurudumu la Cherehani



Tumeombwa tuseme juu ya gurudumu la mkono, lile lililo upande wa kulia wa cherehani ya kiwandani, ambalo mkanda wa mota hupita juu yake. Pengine mtu atauliza, kazi hii ya fundi yahusu nini chama? Yahusu vidole, tena yahusu mshahara.

Gurudumu likipasuka ukingo, au tundu lake likilika hata likacheza juu ya shafti, halifai kuchomelewa wala kujazwa kipande cha bati. Litayumba, litakula mkanda, na kipande chaweza kuruka usoni mwa mtu. Lidaiwe jipya.

Umeme uzimwe kwanza. Lakini angalieni sana hapa: mota ya klachi ikizimwa haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kimya, na mtu akigusa pedali kwa bahati mbaya sindano hushuka. Kwa hiyo toa uzi, inua mguu unaokandamiza nguo, weka mikono mbali, kisha kanyaga pedali mpaka nguvu yote iishe. Ndipo kifuniko cha mkanda kifunguliwe na mkanda utolewe.

Cherehani nyingi zina skrubu mbili zinazoshika gurudumu. Nyingine zina bolti moja katikati. Zilegezwe zote. Likikataa kutoka, tia mafuta na ungoje. Nyundo haitakiwi, maana pigo lile huenda moja kwa moja kwenye beringi. Jipya likiingia, skrubu moja ikae juu ya pale shafti ilipochongwa bapa. Lisukumwe kwa kiasi: likibanwa mno cherehani huwa nzito, likiachwa mbali shafti hucheza kushoto na kulia. Mkanda ukirudi unyooke na puli ya mota, na ukiubonyeza katikati kwa kidole uingie kama milimita 10 hadi 15. Kisha zungusha kwa mkono mara kadhaa, upande wa juu ukija kwako, kabla ya kuwasha. Kama mota ni ya kisasa na ina kifaa cha kusimamisha sindano juu, sumaku yake huweza kuwa ndani ya gurudumu hilo. Fundi aipange upya.

Sasa twaja kwenye mshahara. Gurudumu dogo huzunguka upesi kuliko kubwa. Tuchukue mota ya mizunguko 2850 kwa dakika, yenye puli ya milimita 90. Gurudumu likiwa nalo la milimita 90, cherehani huenda mizunguko 2850. Likiwekwa la milimita 75, huenda 3420, yaani moja ya tano zaidi. Pedali ni ile ile na mshonaji ni yule yule, lakini sindano hupata moto, uzi hukatika, na mnyapara aweza kusema kwamba hesabu ya vipande ipande kwa kuwa mashine sasa ni nyepesi. Hatusemi kila tajiri hufanya hivyo kwa hila. Mara nyingi dukani hakuna saizi ile, na fundi hununua aliyoikuta. Lakini mzigo ni wa mshonaji vile vile.

Basi twawataka wawakilishi wa chama viwandani wapime upana wa gurudumu kuukuu na jipya kwa rula, pale mkanda unapopita, na waandike katika daftari kabla skrubu hazijakazwa. Saizi ikitofautiana, fundi abadili na puli ya mota ili mwendo ubaki ule wa kwanza, au mazungumzo yafanywe kabla hesabu ya vipande haijaguswa.

Tena kifuniko cha mkanda kirudishwe siku ile ile. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kiwanda akinge sehemu za hatari za mashine. Mshonaji akiambiwa aanze kazi mkanda ukiwa wazi, amwite mwakilishi kabla ya kukanyaga pedali.