Jinsia ya Mtoto Haikisiwi

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wanaorekodi sauti za watoto Kitale na Bungoma



Programu nyingi zinazotambua usemi zimefunzwa kwa sauti za watu wazima. Mtoto wa gredi ya pili akisoma kwa sauti, mara nyingi zinamsikia visivyo. Ndiyo maana watoto hurekodiwa, ili programu zizoee usemi wao, uwe wa Kiswahili, Kibukusu au Kisabaoti. Kabla ya kurekodi, kishikwambi huuliza umri, lugha ya nyumbani na jinsia. Leo nazungumzia hilo la mwisho.

Swali lenyewe lina sababu. Rekodi zikiwa nyingi za wavulana, programu huenda ikawasikia wasichana vibaya, na hatutajua tusipohesabu. Jinsia iulizwe kwa ajili ya hesabu hiyo tu.

Vijana, kwanza msikisie. Kabla ya kubaleghe, sauti za wavulana na wasichana hukaribiana sana. Jina nalo hupotosha. Hapa kwetu Wekesa ni mvulana na Nekesa ni msichana, lakini shuleni Nekesa huandikwa pia jina la babake, Wafula. Anayetazama jina la mwisho pekee atamgeuza binti kuwa mvulana. Muulizeni mzazi au mlezi.

Pili, nafasi mbili hazitoshi. Sensa ya 2019 ilihesabu huntha 1,524 nchini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto huntha. Iwepo nafasi yake, na nyingine ya asiyependa kusema. Programu isikwame kwa sababu mzazi amenyamaza, wala mtoto asiondolewe kwenye foleni. Na swali hili lisiulizwe mbele ya watoto wenzake.

Tatu, jinsia isikae kwenye jina la faili. Hata ukifuta neno "msichana", jina Nekesa limeshasema. Tumieni namba, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine. Fikirieni rekodi inayoonyesha huntha, miaka saba, na jina la shule ya kijijini. Hapo hakuna haja ya jina. Kijiji kizima kitamjua, na mzaha wa uwanjani utamfuata mtoto huyo miaka mingi.

Haya si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka jinsia miongoni mwa data nyeti. Kifungu cha 33 kinadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na kinataka maslahi ya mtoto yalindwe. Mna haki ya kuelezwa data itatumiwaje, kuiona, na kuomba irekebishwe ikiwa na makosa. Mkiona haki hiyo imevunjwa, pelekeni malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wazazi, kabla ya kutia sahihi ulizeni mambo matatu: Mnataka jinsia ya mtoto wangu kwa nini? Nani ataitunza, na kwa muda gani? Nikibadili nia, itafutwaje? Anayerekodi akikosa majibu, msitie sahihi. Mwambieni arudi akiwa nayo.