Maji Yaliyo Chini ya Vilima vya Shela

Hotuba ya afisa wa maji katika baraza la wakazi wa Shela, kisiwani Lamu

 

Nimekuja kuzungumza habari ya vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya nyumba zenu. Wageni huvipanda jioni kupiga picha. Sisi wa maji tukivitazama twaona tangi.

Kisiwa hiki hakina mto. Maji ya mabomba ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyo hapa vilimani. Mvua ya masika ikinyesha, mchanga huinywa papo hapo kabla haijateremka baharini. Maji hushuka polepole yakichujwa, hadi yakutane na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi zaidi, kwa hiyo hukaa juu ya yale ya chumvi.

Hapa nawaomba msikilize vizuri. Kwa makadirio ya wataalamu, maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwa na kina cha kama mita 40. Geuzeni hesabu hiyo. Mkiyavuta yakashuka nusu mita tu, chumvi yaweza kupanda mita 20. Na ikishaingia kisimani, kuongeza nguvu za pampu ni kuiita zaidi.

Jambo la pili ni ujenzi. Najua wapo watakaosema, "Ploti ni yangu, nina hati." Sikatai. Lakini sakafu ya saruji huzuia mvua kuingia mchangani, na choo cha shimo kilimani humwaga uchafu juu ya maji tunayokunywa sote, Shela na Lamu mjini. Anayechota mchanga wa kujengea naye anapunguza chujio hilo. Hata yale majani yatambaayo, ambayo punda huyakanyaga, yana kazi: bila hayo pepo za kusi huuhamisha mchanga.

Wenye visima majumbani, onjeni maji mwishoni mwa kaskazi, kabla ya masika, wakati yamepungua. Mkihisi chumvi, punguzeni kuvuta siku hiyo hiyo na mtuarifu ofisini. Msingoje jirani aanze.

Sasa nitapokea maswali. Tuanze na mzee pale nyuma.