Muulize Kama Analowa

Msikilizaji, mama akishikwa na uchungu siku mbili au tatu, mbali na hospitali, na mtoto akakwama njiani, kichwa hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga hadi damu ikakosa kupita. Nyama ya hapo hufa. Siku chache baadaye panatoboka, na mkojo unamtoka mchana na usiku bila kizuizi. Mara nyingi mtoto naye amefariki. Hiyo ndiyo fistula. Haitokani na laana wala uzinzi. Imetokana na kuchelewa kupata msaada.

Hapa Eldoret tiba ipo. Iko hospitali ya rufaa ya Moi, iko pia hospitali ya Gynocare aliyoianzisha Daktari Hillary Mabeya, ambako wanawake wengi wametibiwa kwa msaada wa wafadhili bila kutozwa chochote. Na kuigundua fistula hakudai mashine ya mamilioni. Daktari hupanga vipande vya pamba ukeni, kisha kwa mpira wa mkojo hujaza kibofu maji yenye rangi ya buluu. Pamba ikitoka na buluu, kibofu kimetoboka. Ikilowa bila rangi, inashukiwa mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo.

Kinachoniuma ni zile siku za mwanzo. Tundu dogo likigunduliwa mapema, mpira ukaachwa ndani wiki kadhaa ili kibofu kikae kitupu, linaweza kuziba lenyewe bila kisu. Lakini mama ameruhusiwa kwenda nyumbani, ameambiwa atakauka tu, na nafasi hiyo imepita.

Kwa hiyo muuguzi unayenisikia Kapenguria au Lodwar, nakuomba: aliyezaa kwa taabu asitoke wodini kabla hujamuuliza, mkiwa wawili tu, kama shuka lake linalowa. Mbele ya mama mkwe hatasema.

Wapo wanaofanyiwa upasuaji, tundu likafungwa vizuri, na bado wakikohoa mkojo huwatoka. Hao wasikate tamaa, warudi kliniki. Misuli ya nyonga iliyolegea ina mazoezi yake ya kuikaza. Na mimba nyingine ikija, mama azalie hospitali, kwa upasuaji.

Ndugu zangu, hata aliyelowa miaka ishirini bado anaweza kutibiwa na kupona. Kama yuko kwenu, amehamishiwa kibanda cha nyuma na hali chakula na wenzake, mchangieni nauli wiki hii, na mmoja wenu apande naye matatu hadi Eldoret.